Shaba Kidogo Ndani ya Chuma

Evariste Katsuva, ambaye wazazi wake walitoka Butembo, alifundisha fizikia mtaani kwetu Lumumba, hapa Bunia, mji ambao umeme ukiwaka watu hupiga makofi. Kwa hiyo, bila shaka, utafiti wake ulihusu vinu vya nyuklia. Alituelezea hata tusipomuuliza: neutroni hupiga chuma cha kinu miaka na miaka, chembe za shaba zilizomo hukusanyika, nikeli ikiwepo mambo huzidi kuharibika, na chuma kilichokuwa kikipinda huja kupasuka kama sahani. Tulimshukuru na kurudi kuchota maji.

Mémoire yake ya kwanza, yaani tasnifu ya chuo, iliungua vitani pamoja na nyumba. Akaandika upya, kwa mkono, miaka sita, daftari moja tu. Angeitetea chuoni Jumamosi.

Jumatano, akitoka Nyankunde, askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, wakafungua mfuko wake. Ilikuwa miaka ile ya amani, yaani tulilala na viatu miguuni. Wakaona ukurasa wenye shaba, nikeli na kromi, kila kimoja na asilimia yake. Katika Ituri, nani huandika hivyo kama hajapata mgodi?

Mkuu wao, mtu wa bidii, alimfungia siku mbili akitaka aonyeshwe kilima chenye mgodi. Evariste alimfundisha neutroni tangu mwanzo. Mkuu alisikiliza vizuri sana, kisha akauliza kama hiyo neutroni inauzwa kwa kilo kule Kampala.

Ijumaa, asije akalaumiwa na wakubwa wake kwa kuachia mgodi, akaleta karatasi. Daftari lingerudi iwapo Evariste angetia saini kwamba hajui chochote kuhusu metali hizo. Evariste akakataa. Njaa ya siku mbili aliivumilia, lakini karatasi ile ilimuuma kweli. Ikabidi mkewe, Godelive, aitwe.

"Tia tu, baba Débora," akamwambia. "Siye tunajua weye unajua."

Akatia saini. Mkuu akagonga muhuri, akamrudishia daftari, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote.

"Prof, mutoto yangu Fanny iko anafeli physique, na examen d'État iko karibu. Utakuya kumufundisha lini?"

Evariste akalikumbatia daftari.

"Soma karatasi yako, chef," akasema. "Mimi sijui kitu."