Bei Yao, Kisu Changu

Supamaketi ilipofunguliwa hatua chache kutoka kibanda changu cha mboga hapa mtaani Jericho, ilianza kwa kuuza sukuma wiki kwa bei ya chini kuliko ile niliyonunulia mimi sokoni alfajiri. Niliisoma bei hiyo kwenye karatasi nyekundu dirishani, nikaisoma tena, nikasonya. Mimi sikuwa nimemkosea mtu.

Tulikuwa wawili pale, mimi na mwenzangu wa kibanda cha pili, na hatukupendana. Kwa miaka tulinyang'anyana wateja. Yeye akiongeza nyanya moja juu ya fungu, mimi naongeza mbili. Akimwita mteja wangu mrembo, mimi namwita wake mrembo sana. Lakini sote tulikuwa tunawakatia watu sukuma bure. Mtu aliyesimama kiwandani kutwa hana nguvu ya kufika nyumbani aanze kukata mboga, kwa hiyo alitukuta tumekaa na visu. Nilijua nani anataka nyembamba kabisa, nani anataka kubwakubwa, na nani hataki kisu kiguse mboga zake za managu, anataka zichambuliwe kwa mkono.

Hasira ikanipeleka pabaya. Nikasema kama ni bei, nitawaonyesha bei. Nikashusha mpaka tukalingana. Sasa ili nipate kitu ilinibidi niuze mafungu mengi zaidi, muda wa kukata ukakosekana, nikaanza kuuza sukuma nzima iliyofungwa kwa uzi.

Mteja wangu mmoja, mama anayeshona nguo kiwandani, alishika fungu akaligeuzageuza.

"Mathe, na hii nitaikata saa ngapi?"

"Si bei imeshuka?"

"Hata kwa wale imeshuka. Na huko nitapata na mkate."

Akaenda huko. Wengine wakamfuata, maana nilikuwa nimejigeuza supamaketi isiyo na paa.

Mwenzangu hakuweza kuifuata bei ile. Alikaa wiki mbili na mboga zinazonyauka, kisha akakunja gunia lake akaondoka bila kuniaga. Watu walisema supamaketi imemmaliza. Mimi nilijua nimesaidia, na iliniuma, kwa sababu pengine supamaketi hata haikujua kama yupo.

Mume wangu akasema nifunge, niende soko la Gikomba nikauze mitumba na dada yake. Nikamwambia sifungi, hata wakigawa sukuma bure. Kesho yake nikanoa kisu, nikarudisha bei pale ilipokuwa, nikaongeza na kidogo juu yake, nikakaa kukata. Jioni yule mama wa kiwandani akapita.

"Umepandisha?"

"Nimepandisha. Na nakukatia nyembamba vile unapenda. Ukitaka ya rahisi, mlango ni ule pale."

Alicheka, akaweka mkoba wake chini. "Kata basi, nimechoka."

Wengi walirudi, si wote. Nao wa supamaketi, walipoona nimebaki peke yangu, wakaitoa ile karatasi nyekundu kimyakimya. Bei yao ikapanda mpaka ikapita yangu, na watu wakajaa kwangu.

Hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimeanza kukata haraka haraka, sukuma inatoka nene kama ya kulisha sungura. Nyanya ya nyongeza niliiacha. Mteja akinuna namwacha anune, maana ataenda wapi? Siku moja nikajisikia nikimwambia mama mzee, "Chukua au uache," na sauti ile nikaichukia. Sikupigania kibanda changu ili niwe kama wale wa supamaketi.

Asubuhi iliyofuata nilimwachia mume wangu kibanda, nikaenda mtaa wa Makongeni anakoishi yule mwenzangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiwafulia watu nguo. Nikamwomba msamaha kwa ile bei niliyoshusha. Nikamwambia nafasi yake iko wazi, hakuna aliyeikalia, na ninataka arudi.

Alinitazama, povu likimtiririka mikononi.

"Nikirudi nitakunyang'anya wateja wote."

"Jaribu," nikamwambia.