Peruche wa Rangi ya Majivu

Papa alinifundisha kwamba ukitaka kumtambua peruche, yule kasuku mdogo wa kufugwa, humtazami rangi. Unamgeuza mkononi, unapuliza manyoya, unasoma madoa meusi ya kooni. Alikuwa karani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye tundu lililotundikwa ukutani kwetu Majengo. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, watu wanajadili nani atamfukuza nani, yeye anahesabu madoa. Wakati mwingine nilimwonea aibu.

Alikuwa na wa kijani, wa bluu, hata mmoja wa njano mwenye macho mekundu ambaye majirani walimwogopa. Gri tu, yaani wa kijivu, ndiye hakuwahi kumpata, na alimsema gri kila Jumapili mpaka mama akachoka.

Mdogo wangu wa kike, wa miaka sita, alikuwa na wake: kijani wa kawaida kabisa, ila kooni alikuwa na madoa matano badala ya sita, na la pembeni lilikuwa refu kuliko mengine.

Siku volkeno ilipolipuka, papa alifungua tundu ndege waende zao. Mdogo wangu alimficha wake ndani ya triko, sweta yake. Nilikiona kichwa cha kijani kikichungulia shingoni kwake, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyepewa mkono wa mdogo wangu niushike njiani. Tulipokaribia mpaka, askari walifyatua risasi hewani, umati ukasukumana, na nilipotazama kiganja changu kilikuwa kitupu. Nimeirudia mara nyingi sentensi hiyo, na bado inanichoma.

Tulimtafuta Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, siku tatu, kanisani, shuleni, kandokando ya barabara. Mama alikuwa na neno moja tu la kujifariji: "Mutoto ako na ndege yake. Haiko peke yake." Alilisema akila, alilisema akilala.

Siku ya nne tulirudi. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, paa na uwanja vimejaa majivu. Juu ya tundu lililo wazi alikaa peruche mmoja, wa kijivu kutoka kichwani mpaka mkiani.

"Gri!" papa akasema. "Miaka yote hii, leo gri amekuja mwenyewe."

Akamrudisha ndani, akafunga. Nilisema labda ni vumbi, tumwoshe. Alinikaripia kama hajawahi kunikaripia: "Usimuguse na maji! Atakufa na baridi." Na yeye aliyenifundisha kupuliza manyoya ya koo, safari hii hakupuliza.

Kesho yake, papa na mama walipotoka kwenda tena kuuliza, nilimshika ndege, nikalowesha kitambaa. Majivu yalitoka, kijani kikajitokeza. Nikasafisha koo. Moja, mbili, tatu, nne, tano. La pembeni refu.

Nilikaa chini uwanjani nikalia. Ndege alikuwa amerudi bila yeye. Halafu nikawaza neno la mama. Nikachota majivu, nikampaka ndege upya, kichwa, mabawa, koo. Nilimpaka vibaya, naye akinidonoa.

Lakini peruche hujisafisha. Kutwa nzima alikuwa akivuta unyoya mmoja mmoja kwa mdomo, na nilimsikia hata nikiwa chumbani. Kila asubuhi kabla mama hajaamka nilikuta kijani kimechungulia mahali, nami nikakifunika. Nilimchukia ndege yule kwa usafi wake.

Asubuhi ya sita nilichelewa kuamka. Nilikimbilia tundu nikakuta ndege tayari ni wa kijivu, amepakwa vizuri kuliko nilivyowahi kumpaka, koo limefunikwa kwa uangalifu. Niliingia ndani. Papa alikuwa ameketi mezani mbele ya chai yake, na ncha za vidole vyake zilikuwa na majivu. Akaitazama mikono yangu, ikiwa bado na majivu ya jana chini ya kucha.

Mama akatoka jikoni na birika la maji na beseni. Akatumwagia mikononi, papa kwanza, kisha mimi, polepole, mpaka maji yakatoka safi. Tangu asubuhi ile hakusema tena kwamba mtoto yuko na ndege wake.