Mateka wa Dada Yangu

Dada yangu mdogo alifariki akijifungua, nyumbani Kenya, asubuhi ambayo mimi hapa Doha nilikuwa nimezalisha salama watoto wa watu wengine. Mimi ni mkunga. Kuzalisha ndiyo kazi iliyonileta huku, na dada yangu wa tumbo moja alivuja damu mpaka akaisha kabla gari la wagonjwa halijafika. Mtoto alipona. Ni msichana.

Kwenda kumzika sikuweza. Nilikuwa nimehamia hospitali mpya, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na ruhusa niliyopata ilikuwa ya wiki ambayo mazishi yangekuwa yamekwisha. Nikapewa kazi wanayopewa jamaa walio ng'ambo, kuandika wasifu wa marehemu. Sisi wa ng'ambo tunaaminika kuwa tuna kompyuta na nafasi.

Niliandika, "Alifariki akimzaa binti yake." Mjomba wangu, mzee wa kanisa na msimamizi wa kila mazishi kwetu, akaiondoa sentensi hiyo na kuweka ile tunayoijua sote, "Aliugua kwa muda mfupi." Kwetu kila mtu huugua kwa muda mfupi, hata aliyegongwa na lori. Nikampigia simu.

"Mjomba, hakuugua. Alikuwa mzima kama mimi."

"Mama, mambo ya leba hayasomwi mbele ya waombolezaji," akaniambia kwa upole. "Na ukiyasoma, watu watamwangalia mtoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa wakwe wa dada yangu kulikuwa na mama mzee aliyekuwa akisema kwamba mtoto huyo amemla mama yake. Alisema chini chini, lakini alisema, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Mjomba alitaka kumkinga mtoto kwa njia yake, kwa kunyamaza. Mimi niliona kunyamaza huko kutamwachia yule mama mzee uwanja wote, na mtoto atakua akilisikia neno hilo jikoni kila akivunja kikombe. Nilikata simu nikiwa na hasira.

Kazini nina mwenzangu mkunga kutoka Mexico, mwanamke mfupi, mcheshi, anayenyunyizia maembe pilipili kama watu wa Mombasa. Alinikuta chumba cha mapumziko nimekaa na chai yangu ya karaki, ile ya maziwa na iliki, imepoa, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, hadi maneno ya yule mama mzee.

Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama ninawajua Waazteki. Nikamwambia ninachokijua ni kile cha shuleni. Walijenga mji mkubwa juu ya ziwa, wakawapasua watu vifua na kulitolea jua mioyo yao, halafu Wahispania wakaja na farasi na bunduki wakawamaliza.

"Hao hao," akasema. "Ila Wahispania hawakuwa peke yao. Watu wa kwetu, Tlaxcala, walikuwa wamechoshwa na vita vya Waazteki, wakaungana na wageni. Halafu ndui ikaingia mjini. Kwa hiyo usidhani ninawapigia debe, sista. Mababu zangu walikuwa upande ule mwingine."

Kisha akanieleza. Askari wa Kiazteki hakupata sifa kubwa kwa kuua. Sifa ilikuwa kumkamata adui akiwa hai na kurudi naye. Na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa walimhesabu kuwa askari aliye vitani. Mtoto alipotoka, mkunga alipaza sauti ya vita, kwa kuwa mama amepigana vizuri na amerudi na mateka. Mama akifa, hakuna aliyesema ameugua. Alikuwa ameanguka vitani, na alikwenda wanakokwenda askari, kwenye jua. Wanaume waliokufa vitani walilisindikiza jua tangu linapochomoza hadi adhuhuri. Hapo wanawake waliokufa wakizaa walilipokea, wakalishusha magharibi.

"Na mwili wake?" nikauliza. Sisi wa kazi hii lazima tuulize.

"Wakunga ndio waliousindikiza kwenda kuzikwa, wameshika ngao, wanapiga kelele. Vijana wa jeshi waliwavizia njiani ili wamkate marehemu kidole au nywele, wakaviweke kwenye ngao zao wapate ushujaa wake. Wakunga walipigana nao kweli kweli."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu habari ile inifikie. Kichwani mwangu nilikuwa nimemwona msimamizi wetu wa zamu, mama mnene anayelalamikia magoti kutwa nzima, akiwakimbiza wanajeshi na ngao mkononi.

Nilimuuliza ameyajuaje hayo ikiwa mahekalu yalibomolewa. Akasema watawa wa Kihispania waliokuja kuifuta dini ile ndio waliokaa na wazee na kuyaandika. Akaongeza pia, bila mimi kumuuliza, kwamba roho za wanawake wale ziliogopwa, na siku zilizosemekana kushuka duniani watoto hawakutolewa nje wasije wakadhurika. Nilimpenda kwa kutonificha hilo.

Dini yao sikuitaka. Ninayo yangu na inanitosha, na mateka wa Waazteki ninajua aliishia wapi, hapo tuliachana. Lakini nilirudi wodini nikijua cha kusema juu ya dada yangu, jambo ambalo elimu yangu yote ya ukunga haikuwa imenipa.

Siku ya mazishi nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa Al Sadd, juu ya duka la vitambaa, nimejifunga leso na kuisimamisha simu kwenye sufuria ili nione matangazo ya moja kwa moja. Nilimwona mama yangu amekaa mbele, amenyooka. Yule mama mzee wa ukweni alikuwa nyuma yake, amempakata mtoto. Mjomba akausoma wasifu, akafika kwenye kuugua kwa muda mfupi, akapita. Kisha akatangaza kwamba dada wa marehemu aliye Doha atatoa salamu, na mtu akanipigia na kuisogeza simu yake karibu na kipaza sauti.

"Mimi ni mkunga," nikasema. "Nawaona wanawake wakienda vitani kila siku. Dada yangu hakuugua. Alikwenda vitani akiwa mzima, akaanguka, na kabla ya kuanguka alitukamatia huyu mtoto na kutuletea akiwa hai. Mtoto hajamla mtu. Mtoto ndiye ushindi wa mama yake. Mwenye neno jingine juu yake aje aniambie mimi."

Mjomba akasema tuimbe, wakaimba, kisha mtandao ukakwama na picha ikabaki imeganda. Nililia hadi nikachoka.

Jioni mama akapiga. Nilijiweka tayari kugombezwa.

"Hayo maneno ya vita umeyatoa wapi?"

"Kwa watu wa zamani wa Mexico, mama."

"Wakristo?"

"Hapana."

Akaguna. Nyuma yake nikasikia kichanga kikilia, nikamuuliza ni nani huyo.

"Ni yeye. Nimekuja naye. Walipomaliza kuimba nilisimama, nikamchukua mikononi mwa yule mama."

"Wakakubali?"

"Nani angenikatalia? Niliwaambia mbele ya watu wote kwamba hata mimi nilikwenda huko alikokwenda mwanangu. Nilivuja damu hivyo hivyo. Walinifunika shuka hadi usoni wakidhani nimekwisha, na nikiwa chini ya shuka nikamsikia nyanya yako akisema mtoto huyu amemuua mama yake."

"Lini, mama? Ulikuwa unamzaa nani?"

"Wewe."

Nilikaa kitandani na simu sikioni, mkunga mzima. Miaka yangu yote nimekuwa nikiwauliza wanawake nisiowajua walizaa vipi. Mama yangu sijawahi kumuuliza.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nikuambie ili iweje? Uishi ukiniomba msamaha?" Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu sasa, na mama akapandisha sauti ili nimsikie. "Wewe sijakuhesabia kosa hata siku moja. Na huyu hakuna atakayemhesabia. Haya, niache nimpe maziwa."