Chungu cha profesa kilichonyimwa moto

Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi. Jua bado liko nyuma ya milima ya Livingstone na mchanga wa Ikombe ni baridi. Rut amepiga magoti mbele ya vyungu hamsini na vitano. Anainua kimoja, anakigeuza, kisha anakilaza shavuni kama mama anayepima homa ya mtoto. Anasubiri kidogo. Anakiweka kulia.

Anachukua kingine. Shavu. Kulia.

"Mkono unadanganya," anasema bila kugeuka. "Mkono umeshinda na maji na udongo, umeshazoea. Shavu halijazoea. Chungu kikiwa na maji ndani, shavu linasikia baridi."

Wanawake wote wanaofinyanga kwenye ufukwe huu, mwendo wa mtumbwi kutoka Matema, wanaujua mtihani huo. Chungu kibichi kikiingia motoni, maji yaliyojificha ndani hutafuta njia ya kutokea. Chungu kinapasuka, na vipande vyake vinavunja vya jirani.

Nyuma ya Rut wamesimama wanafunzi kumi na mmoja wa chuo kimoja cha Sweden, suruali zimekunjwa hadi magotini. Nyuma yao yupo profesa wao, Birgit, mwenye miaka sitini na saba na kofia ya ukindu aliyoinunua Kyela mjini. Hii ni wiki yake ya mwisho. Jumamosi atapanda basi na wanafunzi wake, na akifika kwao anastaafu. Chuo hakijasema kama atakuja mwingine.

Mikononi ameshika chungu chake mwenyewe. Ndicho cha kwanza kukifinyanga maishani, na anataka kuondoka nacho.

Rut ana miaka hamsini na minne. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa na mvuvi, Zebedayo, na ufinyanzi akafundishwa na mama mkwe wake. Siku profesa alipofika mara ya kwanza, miaka tisa iliyopita, alishuka mtumbwini akiwa ametapika njia nzima, akauliza ni nani anaweza kufundisha vijana wake. Wanawake walicheka. Rut naye alicheka, lakini alimletea maji ya kunawa, na mambo yakaanzia hapo.

Tangu hapo, kila mwaka kuanzia Januari hadi Mei, wanafunzi hukaa Matema wakijifunza maisha ya watu wa ziwani. Jumanne na Alhamisi wanavuka kuja kwa Rut. Mwaka wa kwanza alama alitoa profesa. Mwaka wa pili alimwita Rut pembeni, akamwambia yeye hajui chungu kizuri wala kibaya, kwa hiyo alama za udongo atoe mwenye kujua.

"Nilimuuliza, mimi wa darasa la saba nimpe alama mtu wa chuo kikuu?" Rut anakumbuka. "Akaniambia, ndiyo, na mimi nikikuingilia, unifukuze hata mbele ya wanafunzi."

Zebedayo amelifanyia utani jambo hilo hadi leo. Akipita mtu nyumbani humwambia avue viatu, ndani kuna profesa, ila cheti bado kiko njiani.

Kwa miaka yote hiyo Birgit hakuwahi kukaa chini afinyange. Alikuwa na daftari, kamera, na vijana wanaougua malaria kwa zamu. Mwaka huu, siku zilipobaki chache, alivua saa, akaketi mkekani. Rut anasema mikono yake ni mizito lakini inasikiliza. Chungu kilisimama. Kosa lake lilikuwa chini: kitako kilibaki kinene, kama ilivyo kwa kila anayeanza.

Kosa la pili alilifanya peke yake. Vyungu vya wanafunzi vilifinyangwa Aprili, vimekauka kivulini taratibu. Cha profesa kina siku kumi tu, na mvua za Kyela hazijaisha. Alipoona siku zinamkimbia, alikibeba hadi Matema, akakianika juani kwenye baraza ya nyumba ya wageni siku mbili mfululizo. Juu kikawa kigumu, cheupe, kinapendeza. Ndani maji yakafungiwa.

Zamu yake inafika. Rut anakilaza chungu kwenye shavu la kulia. Anakihamishia shavu la kushoto. Anakaa nacho hapo muda mrefu kuliko vyote, macho ameyafumba. Kisha anakiweka kushoto, peke yake.



Profesa anasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba chungu kimekauka, mwalimu akiguse tena. Rut anajibu kwamba amekigusa. Profesa anaomba kiwekwe pembeni kabisa mwa rundo, mbali na vingine. Anasema hana Alhamisi nyingine.

Rut anavitazama vyungu vilivyopangwa. Kati ya vyungu vile, arobaini na vinne ni vyake, na keshokutwa ni siku ya soko la Lyulilo, karibu na Matema. Kimoja huuzwa kati ya shilingi elfu mbili na elfu sita kwa ukubwa, na ndiyo chumvi na sabuni ya nyumba hadi mwezi ujao. Kumi na kimoja ni vya vijana. Na mbele yake amesimama mtu aliyekula naye miaka tisa, ambaye huenda hatamwona tena duniani.

"Mwalimu, nikuambie kitu," Rut anamwambia Birgit hatimaye. "Unakumbuka mwaka wa nne, vyungu vilivunjika motoni?"

Birgit anakumbuka. Ulikuwa upepo.

"Haukuwa upepo. Kilikuwa chungu cha kijana wako mmoja. Nilikiweka shavuni, kikawa baridi, nikajua. Nikakuonea haya, nikakiingiza. Kilivunja kumi na tisa. Nikakudanganya kwamba ni upepo."

Mwaka ule Rut alikwenda Lyulilo na vyungu saba. Zebedayo alipiga kasia safari nzima bila kusema neno, yeye ambaye hanyamazi hata kanisani. Ule uongo Rut aliuombea toba, lakini mwenyewe aliyedanganywa hakuwahi kuambiwa.

"Mbona hukuniambia?" anauliza Birgit.

"Ulikuwa mgeni."

"Na leo?"

"Leo wewe ni mwanafunzi wangu. Mwanafunzi anakataliwa."

Zebedayo, anayeshona wavu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anasema kwa sauti ya kutosha kwamba profesa amefeli na asije akamlilia mzazi. Kijana mmoja anashindwa kujizuia, anacheka. Wengine wanafuata. Birgit hacheki. Anaketi juu ya jiwe, anakitazama chungu chake kule kushoto. Baada ya muda anavua kofia, anaiweka juu ya chungu kukikinga jua lililoanza kuchomoza, kisha anakwenda kubeba nyasi kavu pamoja na vijana wake.

Rundo linapangwa: kuni chini, vyungu katikati, magome na nyasi juu. Rut anainamisha kichwa na kuomba kwa maneno machache. "Bwana, mikono ni yetu, moto ni wako." Anawasha.

Mbele ya moto wa vyungu watu hawaongei. Wanawake wa Ikombe hukaa kimya kuuzunguka, wanasikiliza, kwa sababu chungu kikipasuka utakisikia kabla hujakiona. Kwa saa nzima na zaidi inasikika mivumo ya moto na maji ya ziwa tu. Hakuna mlio mwingine.

Majivu yanapofunuliwa, vyungu hamsini na vitano vimesimama. Kimoja cha Rut mwenyewe kina ufa mdomoni. Anakiinua juu wote wakione, anasema hata mwalimu anakosa, hicho kitakuwa cha kuku kunywea.

Ijumaa jioni wanafunzi wanaagwa kwa wali wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma. Birgit anamletea Rut karatasi ya alama kama kila mwaka. Safari hii ina mistari kumi na miwili. Wa kumi na mbili una jina la profesa. Rut anajaza kwa kalamu, bila haraka. Kumi na mmoja wamefaulu. Kwenye mstari wa mwisho anaandika: Hakijakauka.

Jumamosi basi linaondoka saa nne. Saa moja asubuhi profesa yuko Lyulilo, ameketi chini kando ya Rut, anauza vyungu. Wateja kutoka Makwale na Ngana wanamzunguka kuliko bidhaa yenyewe. Mama mmoja anayechagua chungu cha maharage anamuuliza kama hiki hakivuji. Birgit anakichukua, anakilaza shavuni, anafikiri, kisha anamwambia amuulize mwalimu wake.

Vimeuzwa thelathini na vinane kabla ya muda wa basi kufika. Wanaagana kwa mikono miwili. Rut anasema, "Ndaga, mwalimu," yaani asante kwa lugha ya huku, na mwenzake anamjibu hivyohivyo. Kuhusu kurudi, Birgit amesema atakuja Januari kwa nauli yake, bila wanafunzi wala daftari. Rut hajaliwekea neno hilo uzito mkubwa. Watu wa umri wao, anasema, wakiagana humwachia Mungu.

Wiki tatu zimepita. Jumanne na Alhamisi zimebaki wazi, na Rut hapendi siku iliyo wazi. Amekwisha kumwita mkwewe Lusungu na wasichana sita wa kijijini ambao hawajawahi kushika udongo, ingawa bibi zao wote walikuwa wafinyanzi. Wanaanza wiki ijayo. Alama watapewa, na shavu watafundishwa kabla ya kitu kingine chochote.

Chungu cha profesa, alichomwachia Rut, kiko jikoni kwenye rafu ya juu, mbali na mafiga, mdomo chini. Kila asubuhi baada ya sala Rut hukishusha na kukilaza shavuni. Wiki ya kwanza kilikuwa baridi. Ya pili, baridi kidogo. Leo anakishikilia muda, anakirudisha taratibu, anasema kimekauka.

Zebedayo anauliza basi kitachomwa na vya wiki hii?

"Hapana," anasema Rut. "Kinasubiri Januari. Mtihani ni wake, aje akilaze shavuni mwenyewe."