Maji Niliyoyachemsha

Tulipokuwa Buffalo, kule East Side, maji yalianza kuingia chumba cha chini cha nyumba tuliyopanga. Yalijitokeza pembeni ya ukuta, asubuhi tunayakuta yamefika kwenye ngazi. Mwenye nyumba akaja na viatu vyake vya mpira, akatazama, akasema ni sisi: tunafulia huko chini na kuacha bomba wazi. Akatuambia tuhame. Mimi, na mashine yangu ya kufulia ipo jikoni! Nilimjibu maneno ambayo Mkristo hapaswi kuyasema. Bahati nzuri niliyasema kwa lugha yetu.

Nyumba yenyewe sikuipenda. Nilichohofia ni masomo ya binti yangu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni hapo Buffalo, anasomea mambo ya maji, na tukifukuzwa hatukuwa na pa kwenda ila kwa dada yangu, Columbus.

"Mama, tulia," akaniambia. "Maji hayafichi yalikotoka." Akanieleza kwamba maji yanayopita ardhini, kwenye mawe ya kule, hubeba chokaa nyingi kuliko maji ya bomba. Mwalimu wake angeyapima na kutuandikia karatasi. Mwenye nyumba akakubali kuingoja hiyo karatasi. Basi binti akaniachia chupa, kwa sababu yeye alitoka alfajiri. "Uyachote tu."

Bon, nikashuka, nikayachota. Yalikuwa na matope na yananuka. Nikamfikiria mwalimu, mtu aliyesoma, ameshika uchafu uliotoka nyumbani kwangu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kwetu Kivu, milimani, hata mgeni usiyempenda humpi maji mabichi. Nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayachemsha sana, nikayaacha yapoe na kutulia, ndipo nikajaza chupa. Sufuria ilibaki na ukoko mweupe chini. Nikaisugua mpaka nikaona uso wangu ndani yake.

Baada ya siku chache binti alirudi na karatasi. Chokaa ilikuwa kidogo. Mwalimu aliandika kwamba maji yetu yanafanana na ya bomba. Mwenye nyumba aliisoma karatasi mlangoni, akatupa mwezi mmoja tuwe tumehama.

"Mwalimu wako hajui kazi," nikafoka. "Na vile niliyachemsha vizuri!"

Binti akaketi. Akanieleza polepole, kama anasema na mtoto, kwamba maji yakichemka chokaa yake huachwa kwenye chombo. Akashuka na chupa nyingine, akarudi nayo tupu. Baridi ilikuwa imekaza, ardhi imeganda, chumba kimekauka. Mwenye nyumba alifurahi sana kukiona kikavu. Alisema hatimaye tumejifunza kufunga bomba.

"Sufuria iko wapi?" binti akauliza.

Nikaileta. Aliigeuzageuza kwenye taa, akaingiza kidole, akapapasa chini yote. Ilikuwa inang'aa.

Rafiki yangu wa Louisville, tuliyekaa naye kambi ya wakimbizi, nilipomsimulia kwa simu alicheka: "Dada, mficha uchi hazai." Nilimkatia simu, kisha nikalia.

Sasa tuko kwa dada yangu, mtaa wa Gahanna, pembeni ya Columbus. Sufuria ninayo, napikia ugali. Binti anapakia maboksi ghalani, na vitabu vyake viko chini ya kitanda. Akirudi hunisaidia kuosha vyombo, na sufuria ile huiosha yeye mwenyewe, taratibu. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu.