Mbolea Bila Mbegu

Celestine, mke wa shemeji yangu mkubwa, ni mwoga. Simsengenyi, hata yeye anajua. Akipigiwa simu na namba ngeni, huiacha mezani ikilia na kutoka nje. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku ulipoingia, ni mimi niliyemsomea, tukaenda pamoja Rangwe kuchukua mifuko yetu.

Mvua ikaanza wiki hiyo hiyo. Lakini mama mkwe wetu, Achieng, alikuwa amelazwa Homa Bay, nyonga imevunjika, na kwetu hakuna anayetia mbegu udongoni kabla ya mama mwenye boma. Yeye hutangulia, kisha mke wa mwana mkubwa, kisha sisi wengine. Ukimruka, unajiletea chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haina adabu ya kukufuata wewe uliyekosa. Inamfuata mtoto wako. Celestine amezika watoto wawili. Amebaki na Liz.

Basi Simeon, afisa wa kilimo, akatangaza barazani kwamba Ijumaa atapita mashambani. Atakayekutwa na mbolea nyumbani atahesabiwa kuwa anawauzia walanguzi, na ruzuku ataisikia kwa majirani.

"Roselyn, nitafanya nini?" Celestine aliniuliza.

"Panda. Mama yuko hospitali, hataona."

"Chira itaona."

Nilimwita mshamba. Mdomo haulimi, mimi mwenyewe sikuwa nimepanda hata punje moja, kwa sababu ile ile.

Alhamisi asubuhi nilimkuta shambani amepinda mgongo. Alichimba shimo, akatia mbolea, akafukia, akasonga mbele. Mbegu hakuna. Desturi inakataza mbegu, akaniambia, mbolea haijaitaja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaenda kuleta jembe langu na mbolea yangu.

Simeon alipokuja aliitazama mistari yetu, akaridhika. Tukadhani yameisha. Akaokota kijiti, akainama, akafukua shimo moja, halafu la pili. Celestine alinishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Mama Liz, mbegu iko wapi?"

"Afisa, tafadhali... Mama bado ako hospitali."

Simeon ni mtoto wa huku huku. Alifukia mashimo kwa kiatu chake.

"Akitoka tu, mpande haraka," alisema. "Mimi nimeona mbolea iko kwa shamba."

Mama hakutoka. Jumapili, Willis, mume wa Celestine, alipiga simu kutoka hospitalini, na kabla hajasema neno tulijua. Tukamzika. Matanga yalipokwisha, mashimo yetu yalikuwa yameota magugu yaliyonona kwa mbolea ya serikali, na wazee wakasema watu wapande, mvua isije ikaisha.

Asubuhi hiyo Celestine, ambaye sasa ndiye wa kutangulia, alisimama kwenye ukingo wa shamba na beseni la mbegu. Nilisimama nyuma yake, nikangoja. Macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya mama iliyofungwa.

"Celestine, tunangoja nani?"

Aligeuka.

"Sijui mama alikuwa anasema nini akianza kupanda. Sikuwahi kumuuliza. Wewe unajua?"

Sikujua. Liz alikuwa anatutazama kutoka mlangoni. Nilirudi nyuma hatua moja, kwa maana niliogopa angeniomba nitangulie.