Kabuye na Kilbeg

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya Troyeville, Johannesburg. Papa alikuwa fundi cherehani, na baridi ya Julai ilipoingia aliisogeza mashine yake barazani ili apate jua. Mwenye nyumba wetu, Mama Nora, bibi wa Kiayalandi mwenye nywele nyeupe, aliketi karibu naye akinywa chai. Miaka miwili walikuwa wakisalimiana tu, maana Kiingereza cha Papa kilitosha kupima viuno na kuulizia vifungo.

Nilikuwa na miaka kumi mwalimu alipotuagiza kila mmoja aeleze asili ya jina la mahali walikotoka wazee wake. Darasani walikuwa wameshanicheka kwa kuwa Mrundi, na sikutaka kuwapa neno jingine la kuchezea. Kwa hiyo nilimwendea Mama Nora nikamwomba aniazime kijiji chake. Alifurahi kama mtoto. Alizaliwa Kilbeg, nyumba tano na daraja. Zamani walikuja wapima ardhi wa serikali ya Kiingereza, wakauliza jina, wakaliandika walivyolisikia. Kwa lugha ya wazee wao, kanisa na msitu hutamkwa karibu sawa, na katika maandishi yale yote mawili yakawa Kil. Baba yake alishikilia kuwa ni msitu mdogo, mama yake kanisa dogo, wakabishana kila Jumapili mpaka viazi vikapoa. “Lakini beg ni udogo,” alisema, “hilo halina ubishi.”

Nikagundua kwamba cherehani imenyamaza. “Klodeti,” Papa aliniita kwa Kiswahili, “kwani sisi hatuna kwetu?” Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Mama Nora hakuelewa maneno, ila aliuona uso, akataka nimtafsirie. Nikatafsiri huku nikiangalia miguu yangu. Akaweka kikombe chini, akasema, “Mwulize baba yako, kwao kunaitwaje?”

“Kabuye,” Papa akajibu. “Kwa Kirundi, ibuye ni jiwe. Hiyo ka ni ya udogo. Kajiwe.”

Nilipomaliza kutafsiri, Mama Nora alijipiga goti kwa kofi. “Basi sote wawili tumetoka kwenye udogo!” Nikamtafsiria, na Papa akacheka mpaka akavua miwani, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu tuhamie Johannesburg. Akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora mezani mlima, kijito, na jiwe ambapo wanawake walinoa majembe yao, akaeleza kuwa kila mgeni alikuwa akielekezwa kule kwenye kajiwe. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Suruali ya mteja haikuisha siku ile.

Ijumaa nilisimama darasani nikasema Kabuye. Mmoja alicheka. Nikaendelea, nikaeleza jiwe, majembe na ile ka, na yule yule aliyecheka akanyoosha mkono kusema kwamba nyanya yake wa Limpopo naye ana jiwe lenye jina.

Leo naishi Rosettenville. Wanangu wakiulizwa kwao hujibu “Joburg” kabla swali halijaisha, na hakuna anayewacheka. Nawaonea fahari, maana mimi kulitamka jina la kwetu kulinigharimu aibu ya wiki nzima. Lakini juzi binti yangu alimpigia Papa simu, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Babu, wewe ulitoka wapi?” Nilienda jikoni, nikapika, nikaandaa meza. Chakula kilipoa, na bado walikuwa wanazungumza.